Neno Lenye Mwenyewe

Kompyuta ya kwanza niliyowahi kuitukana ilikuwa Homa Bay, ghorofa ya juu ya jengo la Mwislamu mmoja kutoka Pwani aliyeuza mabati na rangi pale chini, na aliyenisahihisha Kiswahili changu kila nilipopita mlangoni kwake. Niliitukana kwa Dholuo, maana Kiswahili changu, kama alivyosema yeye, kilikuwa bado hakijaiva. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kupiga chapa, mdomo usiojua breki, na kazi ya majaribio katika mradi wa matangi ya maji ya mvua.

Mradi wenyewe haukuwa na siri. Wafadhili walitoa simiti, wavu wa waya na mafundi. Mwanamke mwenye nyumba yake alitoa mchanga, mawe na chakula cha mafundi siku za kazi. Mwisho wa yote alibaki na tangi la kukinga mvua kutoka kwenye bati lake. Tulihudumia sehemu za Homa Bay na Migori, na kwetu Uriri kulikuwamo. Mama yangu alikuwa kwenye orodha. Mimi mwenyewe ndiye niliyechapa jina lake, nikicheka peke yangu ofisini mpaka mratibu akachungulia kuona kama niko sawa.

Mama alikuwa na goti. Watu wengine wana magoti mawili. Mama yangu alikuwa na goti moja na adui mmoja. Alikuwa ameteleza njia ya mtoni msimu mmoja wa mvua, akiwa na ndoo kichwani, na goti la kushoto halikurudi mahali pake vizuri. Hata hivyo kila asubuhi alishuka, akachota, akapanda kile kilima na lita zake ishirini, akisimama mara nne njiani kujifanya anaangalia mahindi ya watu. Mimi nilikuwa Homa Bay, wadogo zangu walikuwa shule za bweni, baba alikuwa amefariki miaka minne kabla. Hakukuwa na mtu mwingine wa kushuka mtoni. Kwa hiyo lile tangi halikuwa mambo ya maendeleo kwangu, jamani. Lilikuwa goti la mama.

Orodha yetu iliishi ndani ya kompyuta, na aliyeitengeneza alikuwa mtaalamu mmoja kijana kutoka Nairobi aliyekuja mara moja kwa mwezi, diski zimejaa mfuko wa shati. Alinieleza kwamba mle ndani mambo yote yamepangwa katika jedwali lenye safu, na kwamba ukitaka kujua jambo, huitafuti karatasi. Unaiuliza mashine kwa lugha yake. Lugha yenyewe ilikuwa Kiingereza kilichokatwakatwa, herufi kubwa tupu. SELECT, yaani chagua. FROM, kutoka wapi. WHERE, yenye sifa gani. ORDER BY, ukitaka majibu yaje kwa mpangilio fulani. Alinifundisha maswali matano, akaniandikia kwenye kadi, akanibandikia ukutani.

"Hayo yanakutosha, sista," aliniambia. "Kitu kingine usiguse."

Mimi ukiniambia usiguse, umeniharibia siku. Lakini nilihitaji ile kazi, nikanyamaza.

Kisha pikapu ya mafundi ikaanza kurudi na simiti. Mara ya kwanza tulidhani ni barabara. Mara ya pili tukadhani ni matanga. Mara ya tatu fundi mkuu alipanda ngazi, akaketi bila kukaribishwa, na kumwambia mratibu, "Wamekataa."

Mratibu wetu alikuwa Mtaita mpole, mtu wa kukunja mikono ya shati kila alipochanganyikiwa. Alikunja. "Wanawake hawa hawataki maji?"

"Maji wanataka. Ni tangi ndiyo hawataki."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawasemi. Wanakupatia chai, wanakusaidia kupakia simiti, wanakuambia safari njema."

Mratibu alitoa barua mezani. Wafadhili walikuwa wamechoka kusikia kwamba simiti inazunguka barabarani. Walitaka, kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, orodha ya nyumba zilizo tayari, na nyumba isiyokuwamo ingekuwa imejitoa. Simiti yake ingepelekwa tarafa nyingine. Niliuliza ni maboma gani yaliyokataa, nikijifanya nauliza kwa sababu ya kuchapa. Fundi alifungua kijitabu chake akasoma. Jina la nne lilikuwa la mama yangu.

"Huyo ni mama yangu!" nilipiga kelele.

"Mama yako ni mtu mzuri sana," alisema fundi. "Alitupikia hata kuku."

Jumamosi nilikuwa Uriri kabla jua halijapanda. Nilimkuta mama akichambua maharagwe, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele yake. Sikumsalimu hata vizuri. Nilimuuliza kama amerogwa. Nilimuuliza kama anajua watu wangapi wanalilia tangi hilo. Nilisema mambo mengi, na mama aliendelea kutupa mawe madogo pembeni na maharagwe kwenye sinia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado."

"Maliza basi."

Nilipomaliza, alionyesha kwa kidevu nyumba iliyo katikati ya boma letu, ile inayotazamana na lango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Ilikuwa nyumba ya mikayi, mke wa kwanza wa baba. Mama yangu alikuwa mke wa pili, na nyumba yake iko upande wa kulia wa ile, kama inavyotakiwa.

"Tangi lina msingi," mama alisema. "Kitu chenye msingi ni jengo. Unataka mimi nianze kujenga katika boma hili kabla ya mikayi? Unataka chira iwakute ninyi watoto?"

Chira ni ule ugonjwa na mkosi unaomfuata mtu aliyevuruga utaratibu wa boma. Watu wa siku hizi hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka, nikiwa Homa Bay. Pale uani kwa mama, kaburi la baba likiwa hatua chache kutoka niliposimama, sikucheka. Kwetu mikayi hutangulia kupanda mbegu, hutangulia kujenga. Mke wa pili husubiri. Hata akiwa na goti.

Na mikayi hakuwepo. Alikuwa akiishi Awendo kwa mwanawe mkubwa, aliyeendesha trekta ya miwa. Aliondoka siku chache baada ya mazishi ya baba, kwa sababu ya chungu. Waombolezaji walikuwa wengi, vyombo havikutosha, na mama yangu aliingia nyumbani kwa mikayi akachukua chungu chake kikubwa bila kumuuliza. Mikayi alipokiona jikoni kikitokota, alisema mbele ya watu wote, "Mume mmemzika, sasa mnanizika na mimi." Akafunga mlango kwa waya. Tangu hapo alirudi siku moja tu kila mwaka, mwanzo wa mvua ndefu: alipanda punje chache kwenye kona ya shamba lake ili mama aweze kupanda, kisha akaondoka bila kunywa hata maji. Miaka minne wanawake hawa wawili walipanda mashamba yaliyopakana bila kusemezana neno moja.

Nilirudi kazini nikiwa na hasira ya pande tatu: kwa mama, kwa mikayi, na kwa mtaalamu wa Nairobi. Maana njiani nilikuwa nimeelewa. Orodha yetu ilipangwa kwa alfabeti! Katika boma moja mke wa tatu alitangulia kwa sababu jina lake linaanza na A, na mikayi wa watu yuko chini huko akisubiri. Mafundi wanafika, wanasema, "Tunaanza na huyu," na huyu anawapikia kuku, anawasindikiza.

Nilimweleza mratibu. Alisikiliza akikunja mikono ya shati mpaka ikafika kwenye kiwiko.

"Kwa hiyo tangi lina cheo?"

"Tangi halina. Mwenye tangi anacho."

"Na hiyo mashine inaweza kuwapanga hivyo?"

"Ndiyo," nilisema, na huo ulikuwa uongo mtupu, sikujua.

Bahati yetu, fomu za karatasi zilikuwa na habari yenyewe. Waliozijaza vijijini walikuwa watu wa hapo, na pembeni mwa kila jina waliandika nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtaalamu hakuiingiza, alidhani ni umbea wa vijijini. Kwa hiyo nilihitaji kuongeza safu moja kwenye jedwali, ya mpangilio wa nyumba, kisha niichape kutoka kwenye fomu. Mpangilio kwa Kiingereza ni order. Nilisoma kitabu cha maelekezo, nikapata namna ya kuamuru safu mpya iongezwe, nikaandika ORDER, nikabonyeza.

Mashine ilikataa. Kosa karibu na ORDER, ilisema. Nikaandika tena polepole, kana kwamba shida ni kwamba haikusikia. Kosa. Nikaandika kwa herufi ndogo. Kosa. Nikazima, nikawasha, nikaandika. Kosa karibu na ORDER. Hapo ndipo nilipoitukana, na yule mwenye duka chini akauliza kupitia dirishani kama kuna mtu kaumia.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mtaalamu alikuwa na safu mbili mle ndani, moja aliita NAME na nyingine TYPE, Kiingereza kitupu, na mashine ilimkubalia zote. Nikasema, kumbe hata wewe chuma unabagua! Wa Nairobi akiandika sawa, mimi nikiandika kosa!

Nilikichukua kile kitabu nikaenda nacho dirishani, mahali penye upepo wa ziwa, nikakisoma kutoka nyuma kwa hasira. Nyuma kabisa kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maneno yaliyotengwa. SELECT alikuwepo, FROM, WHERE, TABLE, GROUP, na katikati yao ORDER ametulia. Kitabu kilieleza kwamba maneno haya lugha imejiwekea yenyewe kwa kazi zake. Mashine ikiliona mojawapo inadhani imeagizwa kazi ile, kwa hiyo huwezi kumpa mtoto wako jina hilo. Orodha ya pili ilikuwa ya maneno yasiyotengwa. Hayo nayo yana kazi katika lugha, lakini kazi yao inajulikana kwa mahali yalipokaa, na mahali pengine popote unaweza kuyaazima kuita safu yako. NAME alikuwa huku. TYPE alikuwa huku. Nilizisoma orodha zote mbili toka juu mpaka chini, kidole kikifuata mstari.

Basi haikuwa ubaguzi. Nilikuwa nimekalia kiti cha mwenyewe, ndiyo yote. Niliona aibu kidogo kwa matusi yale, ingawa sikuomba msamaha.

Kitu kingine nilikiona nikiwa pale dirishani. Katika maneno yale yote, hakukuwa na hata moja la kwetu. Lugha ile ilikuwa imejiwekea Kiingereza kingi, lakini Dholuo ilikuwa haijaigusa kabisa, yote iko wazi kama shamba baada ya mavuno. Nilirudi mezani nikaita safu yangu OT. Ot ni nyumba. Nikabonyeza nikiwa nimefumba jicho moja.

Kimya. Hakuna kosa. Safu iliingia.

"Ero kamano!" niliiambia mashine, asante sana, na mratibu akachungulia tena.

Nilichapa Jumatatu iliyobaki na Jumanne toka asubuhi, umeme ukipotea na kurudi, na Jumanne alasiri niliuliza swali langu la kwanza ambalo halikuwa kwenye kadi ya ukutani. Niliiambia mashine ipange kwa boma, na ndani ya boma ipange kwa OT. ORDER BY BOMA, OT. Lile neno lililonigomea jana yake, lilipokaa mahali pake lilifanya kazi bila maringo. Printa ikalia, karatasi ikaanza kutoka. Boma moja: moja, mbili, tatu. Jingine: moja, mbili. Mikayi wote juu, wake wenza wao chini yao kwa zamu. Nilifurahi mpaka nikacheza kidogo pale kati ya meza.

Kisha likatoka boma letu. Kulikuwa na mstari mmoja tu. OT: 2.

Hakukuwa na moja. Fomu zilijazwa kwa nyumba zinazolaliwa, na nyumba ya mikayi ilikuwa na waya mlangoni. Maboma yote yaliyokataa yalikuwa yamepona isipokuwa la kwetu. Niliketi, nikauangalia ule mstari, na machozi yakaja yenyewe. Mratibu alidhani nalia kwa furaha, akanipongeza.

Jumatano mtaalamu alikuja na diski zake. Nilidhani atafoka kwa kuwa nimegusa. Aliangalia safu yangu, akauliza OT ni nini, nikamweleza, akacheka vizuri, si kwa dharau.

"Lakini hukuhitaji kuzunguka hivyo," alisema. "Ungeiweka ORDER yako kati ya alama za kunukuu, huku na huku. Ingekubali."

"Kitabu kimesema limetengwa!"

"Limetengwa, ndiyo. Halijakatazwa. Ni neno lenye mwenyewe. Ukilitaka, kuna namna yake ya kuliomba."

Alisema hayo akitafuta diski yake chini ya karatasi, wala hakuniangalia. Mimi nilihisi masikio yakipata moto. Sikuwaza kompyuta. Nilikuwa nikiwaza chungu, na mimi na wadogo zangu tukipita Awendo miaka minne, kwenda shule na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa.

Awendo ilinukia molasi kama kawaida yake, na malori ya miwa yalikuwa yamejaa barabara. Mikayi alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba cha mwanawe, anapepeta mtama. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye utotoni alitufanya tukimbie kwa kukohoa tu. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Mama Mkubwa. Nimekuja kuomba."

"Mama yako amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Akijua atanichapa."

Nadhani hapo alikaribia kucheka. Alinisogezea kigoda. Nilimweleza yote: tangi, msingi, orodha, Ijumaa. Aliendelea kupepeta. Nilipofika kwenye goti, ungo ulisimama.

"Goti gani?"

"La kushoto. Aliteleza njia ya mtoni."

"Pale penye jiwe jeusi?"

"Hapo hapo."

Aliweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyemwonyesha ile njia, wiki aliyoolewa. Nilimwambia, nyieka, mke mwenzangu, ukifika hapa shika upande wa nyasi, jiwe hili halina urafiki na mtu. Hasikii. Yawa, jamani, huyo mwanamke hajawahi kusikia." Sauti yake ilikuwa na hasira, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Na nani anamchotea maji?"

"Anachota mwenyewe."

Aligeuka akatazama barabarani. Lori lilipita, likaangusha miwa miwili mitatu mbele yetu, na watoto wakaikimbilia.

"Miaka minne," alisema. "Mnanizunguka kama shimo. Wote mnajua pale ni pangu, mnasema mikayi hayupo, hatuwezi, mikayi hayupo, tungoje. Mnaningoja wapi? Hakuna aliyekuja kuuliza. Ningekataa?"

"Sijui, Mama Mkubwa."

"Hata mimi sijui. Lakini mngeuliza." Akachukua ungo wake tena. "Jumanne nitakuja."

"Orodha inafungwa kesho."

"Si wewe ndiye unayeandika? Niandike. Andika mimi ni wa kwanza, tangi sihitaji kwa sasa, na nimesema wajenge."

Nilimshika mikono yote miwili, na yeye akaniambia nimwache, nitamwaga mtama.

Ijumaa saa nne asubuhi nilimwingiza. OT: 1. Kwenye safu ya tangi niliandika hapana. Nikauliza swali langu tena, na boma letu likatoka na mistari miwili, mikayi juu, mama chini yake, kama nyumba zao zilivyosimama. Mratibu akatia sahihi. Mwezi uliofuata aliniandikia barua ya kazi ya kudumu, na mtaalamu aling'oa ile kadi yake ukutani. Baadaye sana, toleo jipya la programu lilipoletwa, lilikuja na orodha ndefu zaidi ya maneno yaliyotengwa, na safu kadhaa alizokuwa ameongeza mtaalamu kwa Kiingereza zikagoma siku hiyo hiyo. OT yangu haikuguswa. Nilimkumbusha jambo hilo kila alipokuja, mpaka akaanza kuniletea mkate wa Nairobi ili ninyamaze.

Lakini naruka mbele. Jumanne ile mikayi alifika Uriri kabla ya mafundi, amevaa gauni la kanisani. Mama alikuwa uani. Walisimama hatua kumi hivi, mmoja huku, mmoja kule, na mimi katikati nikitamani ardhi inimeze, maana hapo ndipo mama alipojua nimekwenda Awendo.

"Nyieka," alisema mikayi.

"Nyieka," alijibu mama.

Basi, hayo tu. Mafundi walipofika na kuchora msingi, mikayi alipita, akachagua jiwe kwenye rundo la mama, akainama na kuliweka kwenye kona. Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nimeanza," aliwaambia mafundi. "Mnangoja nini?"

Mafundi wakaanza. Mikayi akageuka kwa mama.

"Na chungu changu kiko wapi?"

Niliona mabega ya mama yakishuka. Aliingia nyumbani kwake, akichechemea, akakaa kidogo huko ndani. Alitoka amekumbatia kitu kilichofungwa gunia na kukazwa kamba. Alikiweka chini, akafungua mafundo moja moja. Chungu kilikuwa safi, masizi yote yamesuguliwa, hakina ufa.

"Sijapikia tena tangu siku ile," mama alisema. "Nilikosa. Ningekuuliza."

Mikayi alikipiga kwa kucha, akasikiliza kinavyolia. Alifungua ule waya wa mlango wake, ukiwa na kutu mpaka akauvunja, akakiweka chungu ndani mahali pake pa zamani, akamwambia mama kwamba mlango huo haufungwi tena. Kisha alikunywa chai kwa mama, vikombe viwili, akamlaumu kwa sukari nyingi, na jioni mwanawe akaja kumchukua.

Mvua ndefu zilipoanza nilikuwa nimekuja nyumbani kwa mapumziko. Ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya tatu mikayi alifika na mbegu zake kwenye kibuyu, akapanda punje zake za kwanza kama kila mwaka, lakini safari hii hakurudi barabarani. Aliingia nyumbani kwake kupumzika. Mimi nilikuwa nikimsaidia mama jikoni, na tulimsikia akiinua kifuniko cha chungu, kisha kata ikigonga udongo, kisha kimya cha mtu anayekunywa.

"Nyieka!" aliita, kwa sauti ile ile iliyotukimbiza utotoni. "Haya maji ni ya nani?"

Mama hakuinuka. Alikuwa ameunyoosha mguu wake mbele ya moto, na asubuhi hiyo hakuwa ameshuka mtoni.

"Ni yako," alijibu. "Nimekutengea."